Nani alikuwa anaitazama delta yetu? Kutoka manowari ya Königsberg mpaka mistari kumi ya Python

Nimepotea kidogo, mnisamehe, majaribio yalinibana kila kona. Leo nina stori ndefu, kwa hiyo kama una chai ya rangi hapo jimiminie kabisa.

Ilianzia kwenye semina. Tulikuwa tunajadili historia ya mazingira ya pwani ya Tanzania, jamaa mmoja akasimama na kusema kwa kujiamini kabisa kwamba Warufiji ndio waliomaliza mikoko ya delta. Mimi kwetu ni Nyamisati. Kwa wasiopajua, ni pale ukingo wa kaskazini wa delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, watu wanapopanda boti kwenda Kilindoni, Mafia. Babu yangu alikata boriti, mama yangu amelima mpunga. Kwa hiyo lile neno “waliomaliza” lilinichoma. Nikanyoosha mkono, nikapinga, tena kwa sauti. Mhadhiri akaniangalia, akauliza swali moja tu: “Ushahidi wako uko wapi?”

Nikakaa chini. Nilikuwa na hasira, sikuwa na ushahidi. Haya hapa chini ndiyo niliyoyatafuta tangu siku ile, na nakiri mapema kwamba jibu nililolipata silo nililokuwa nalitamani.

Walioitazama kabla yetu

Kwanza tuweke historia sawa. Delta haikuanza kukatwa juzi. Boriti za mikoko kutoka Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi kwenda Unguja, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Upana wa vyumba vingi vya nyumba za kale za pwani umetokana na urefu wa boriti. Wajerumani walipokuja waliliona soko hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1890 tayari walikuwa wameanza kuitenga mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa serikali, wakawa na kituo cha misitu Salale, na mkataji akatakiwa kulipa. Yaani kwa mara ya kwanza delta ikawa na mtu wa mbali anayeihesabu, na mwenyeji akawa mtu wa kuchungwa.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliingia kujificha ndani ya mikondo ya delta. Waingereza walijua iko humo lakini hawakuweza kuifuata, maana ramani zao zilikuwa za zamani. Wajerumani walikuwa wameshapima mikondo kabla ya vita kwa meli yao ya upimaji, Möwe, wakajua wapi meli kubwa inapita. Waingereza wakaleta ndege. Novemba 1914 rubani Denis Cutler akaiona manowari ile kutoka angani, na Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na meli Severn na Mersey huku ndege zikielekeza mizinga, Königsberg ikaishia humo humo.

Hebu angalieni vizuri hapo. Delta ilipotazamwa kutoka angani wakati ule, ilitazamwa ili kulenga mizinga. Na aliyeshinda hakuwa anaijua delta kuliko wengine, alikuwa na chombo cha kuitazamia.

Baada ya uhuru watazamaji waliendelea kuja, wengi wao kwa nia njema. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara, na jina kubwa hapo ni Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mikoko yote ya Bara ilihesabiwa kuwa takriban hekta 115,500, na Rufiji peke yake takriban 53,000. Karibu nusu ya mikoko ya Bara iko kwetu! Mwaka 1997 serikali ikaridhia mradi wa kampuni binafsi wa kufuga kamba kwenye maelfu ya hekta ndani ya delta. Wanavijiji wakaupinga mpaka mahakamani, na mradi haukusimama. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett wakaandika katika jarida la Global Environmental Change kwamba stori ya “Warufiji waharibifu” inasahau historia ndefu ya watu hao na msitu wao, na kwamba inaweza kutumika kuwaondoa kwa jina la biashara ya hewa ukaa. Mwaka 2013 kundi la watafiti wengine likawajibu katika jarida hilo hilo kwamba wamepotosha mambo.

Nikasoma pande zote mbili. Kila upande una ramani zake. Nikajiuliza, hivi sisi wa Nyamisati ramani zetu ziko wapi?

Picha za dola 600

Ramani nyingi za mikoko zinatokana na satelaiti za Marekani ziitwazo Landsat. Ya kwanza ilirushwa Julai 1972. Landsat 5 ikarushwa Machi 1984 na ikafanya kazi mpaka miaka ya 2010, kisha zikafuata ya 7 mwaka 1999, ya 8 mwaka 2013 na ya 9 mwaka 2021. Picha moja inafunika eneo la kama kilomita 185 kwa 180, na kila kidoti cha picha ni mita 30 kwa 30 ardhini. Satelaiti inarudi mahali pale pale kila baada ya siku 16.

Kwa mtu wa historia hiyo ni nyaraka ya ajabu, kama shajara ya delta iliyoandikwa kwa zaidi ya miaka 40. Tatizo ilikuwa bei. Miaka ya 1980 biashara ya picha ilikabidhiwa kampuni binafsi, na picha moja ikafikia dola zaidi ya 4,000. Ilipokuja Landsat 7 bei ikashuka mpaka dola 600. Mwanafunzi wa Tanzania angeuza nini apate picha 20? Watafiti wenye fedha ndio walioweza. Mfano, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na timu ya Wang na wenzake, Watanzania wakiwemo, ulilinganisha picha za miaka ya 1988–1990 na za mwaka 2000. Ukakuta mikoko ya pwani ya Bara imepungua kidogo sana, kutoka takriban hekta 109,600 kwenda 108,100.

Mwaka 2008 Marekani ikafungua ghala lote bure. Kabla ya hapo, hata mwaka mzuri wa mauzo, picha zilizouzwa hazikufika 60 kwa siku. Baada ya kuwa bure zikachukuliwa kwa maelfu kila siku.

Lakini bure siyo mwisho wa safari jamani. Picha moja ni mamia ya megabaiti. Ukitaka picha 200 za delta kwa bando la mwanafunzi, boom lote linaishia hewani, na laptop yangu ingekufa kabla ya picha ya tano.

Dirisha na rubani

Hapa ndipo anaingia mwenzangu wa chumba, mtu wa kompyuta. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akasema: “Wewe unataka kuhamisha ghala zima. Tuma swali, ulete jibu tu.”

Kumbe dunia ya intaneti ilishabadilika zamani. Tangu mwaka 2000 kampuni kama Salesforce na eBay zilianza kufungua kile kinachoitwa API, yaani dirisha ambalo programu ya mtu mwingine inaweza kupitisha ombi na kupokea jibu. Mwaka huo huo Roy Fielding akaandika tasnifu yake iliyoupa jina mtindo wa REST unaotumika na madirisha mengi mpaka leo. Mwaka 2005 Google ikafungua dirisha la ramani zake. Huku kwetu Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni M-Pesa. Huduma ilianza Kenya mwaka 2007, ila dirisha la wazi la waandika programu, lililopewa jina Daraja, lilikuja mwaka 2017. Miaka kumi katikati hapo, mwenye duka mdogo wa mtandaoni alikuwa anasoma meseji za malipo kwa macho!

Sasa, dirisha lina masharti yake. Lazima ombi liandikwe kwa utaratibu wake, uonyeshe utambulisho wako, utambulisho ukiisha muda uchukue mwingine, jibu likija vipande vipande uviunge, ukiambiwa umezidisha maombi usubiri. Ukiandika yote hayo mwenyewe utamaliza muhula. Ndiyo maana wenye dirisha, au watu wengine tu wenye moyo, huandika maktaba ya msimbo, wenyewe wa kompyuta wanaita laibrari. Unaiweka kwenye mashine yako, halafu unaandika mistari michache kwa lugha uliyoizoea, kama Python. Yenyewe ndiyo inayojua kupeleka ombi dirishani na kurudi na jibu.

Mimi nilielewa nilipokumbuka rubani. Kabla rubani hajawa mtu wa ndege, alikuwa mtu wa chombo cha majini, yule anayejua mkondo. Ukiingia delta na chombo kigeni humlipi rubani akupigie makasia. Unamlipa kwa sababu anajua fungu la mchanga liko wapi na mkondo upi unakufa mbele. Ile maktaba ndiyo rubani. Wewe unasema unakwenda wapi.

Dirisha nililohitaji linaitwa Google Earth Engine. Lilitambulishwa Desemba 2010 kwenye mkutano wa hali ya hewa wa Cancún, Mexico. Ghala la Landsat limo humo, pamoja na satelaiti za Ulaya na vitu vingine vingi, mpaka ramani ya mikoko ya dunia ya mwaka 2000. Kwa masomo na utafiti usio wa biashara ni bure, ila unajiandikisha na kufungua mradi kwa jina lako.

Na maktaba yake ina tabia moja iliyonishangaza. Ukiandika “chukua picha zote za Landsat 5 zinazogusa Nyamisati, ondoa mawingu, pima ukijani, toa wastani wa kila mwaka”, hakuna kinachotokea. Laptop haihangaiki hata kidogo. Maktaba inapanga tu maelezo ya kazi, hatua juu ya hatua. Siku unapoamuru jibu lije, kwa neno getInfo, ndipo maelezo yale yanatumwa kama karatasi ya maswali, mashine za huko ng’ambo zinafanya kazi yote, na kinachorudi ni namba chache. Kilobaiti kadhaa! Bando langu la siku likabaki na salio la kuangalia mpira.

Siku delta ilipogeuka jangwa

Mwenzangu alinipa desa la msimbo alilolipata mahali. Halikufanya kazi. Lilikuwa la zamani, linaita mkusanyo wa kwanza wa picha, na mkusanyo huo ulishaondolewa na kuwekwa wa pili. Kosa letu, tulipaswa kusoma tarehe. Tukabadilisha majina, ikaenda.

Jibu lilipokuja nilitaka kulia. Miaka ya 1990 delta ya kijani. Miaka ya 2010 ukijani umeanguka kabisa, delta nzima kama jangwa la mawe. Nikasema basi, yule jamaa wa semina alikuwa sahihi, na babu yangu ni mharibifu.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Halafu nikaanza kusoma namna ukijani unavyopimwa. Jani hai hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa karibu na wekundu ambao macho yetu hayauoni. Unachukua tofauti ya hivyo viwili, unagawa kwa jumla yake. Kwenye Landsat 5 mwekundu ni mkanda namba 3, ule usioonekana ni namba 4. Kwenye Landsat 8 namba zimesogea, mwekundu ni 4 na ule mwingine ni 5. Mimi nilitumia 3 na 4 kote kote! Kwa hiyo kwa Landsat 8 nilikuwa nalinganisha rangi ya kijani na nyekundu. Jangwa lote lile lilikuwa kosa la namba moja.

Maktaba haikunigombeza. Uliomba mkanda namba 3, umeletewa namba 3. Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi: namba za mkusanyo mpya lazima uzizidishe kwa 0.0000275 na kutoa 0.2 kabla ya kupiga hesabu. Hapo pia maktaba ilinyamaza. Rubani anakufikisha ulikomwambia, hata kama umemtajia kijiji siko.

Nikasahihisha, jangwa likatoweka. Lakini bado ukingo wa kuelekea baharini ulionyesha kupungua mwaka huu, kuongezeka mwaka ule, kupungua tena. Mikoko gani hii inakufa na kufufuka? Nikampigia mjomba Nyamisati, mvuvi wa miaka mingi.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Chuo hakijambo?”

Nikamweleza. Akauliza picha zinapigwa saa ngapi. Nikamwambia satelaiti hiyo hupita saa nne asubuhi hivi, siku zote.

“Na mwezi ulikuwa tarehe ngapi?”

“Februari, tarehe kumi na nne.”

“Sikuulizi wa ofisini. Nakuuliza wa mbinguni.”

Kimya. Akanifundisha kwa simu bila gharama ya ada. Pwani yetu, bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, kwa hiyo saa nne asubuhi yamekupwa, matope yote nje. Wakati wa maji mafu ni kinyume, saa nne hiyo hiyo maji yako juu kwenye mizizi. “Umelinganisha siku ya bamvua na siku ya maji mafu, ukasema mikoko imepungua. Maji tu hayo mjomba.”

Jamani! Miti michanga ya ukingoni, maji yakiingia miguuni, inaonekana hafifu angani. Nikaongeza hesabu ya mwezi kwenye msimbo (Python ina maktaba ya mambo ya mwezi pia), nikachagua siku za bamvua peke yake. Ukingo ukatulia. Maelezo yote ya maktaba niliyasoma, hayataji bamvua popote.

Nilichopeleka semina

Niliomba dakika kumi, nikapewa. Nilisema hivi.

Kwamba delta “imemalizwa” siyo kweli. Mikoko ya Rufiji ipo, na ni kati ya misitu mikubwa zaidi ya mikoko katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Lakini upande wa kaskazini, upande wetu, kuna vipande vilivyogeuka mashamba ya mpunga, na watafiti walishaliona hilo kabla yangu. Niliona vipande hivyo mwenyewe. Kimoja nakijua kwa miguu, nimewahi kufukuza ndege humo nikiwa mdogo. Sikukificha.

Halafu nikasema picha haijui sababu. Haioni kwamba tangu mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia mikondo ya kaskazini, maji baridi yakaongezeka, mpunga ukastawi mahali ulipokuwa haustawi. Haitofautishi mchu na msikundazi kwa majina, wala haijui nani alinunua boriti. Vilevile shajara yenyewe ina kurasa zilizochanika: Landsat 5 haikuwa na kifaa cha kuhifadhi picha ndani yake, ilitegemea kituo cha ardhini kilicho karibu au satelaiti ya kupokezana, kwa hiyo kwa upande wetu wa dunia kuna miaka yenye picha chache mno. Pengo la nyaraka siyo pengo la matukio. Hilo walimu wetu wa historia wametufundisha tangu mwaka wa kwanza.

Jamaa wa semina akauliza: “Kwa hiyo walikata au hawakukata?” Nikamjibu walikata, mahali fulani, kwa sababu zinazoeleweka, na hawajamaliza. Hakuridhika sana. Mimi pia sikuridhika sana, ila safari hii sikukaa chini kwa aibu.

Kwa nini nawaandikia haya

Kwa sababu historia inayofuata ya delta inaandikwa sasa hivi. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 huko juu mtoni, lilianza kujazwa maji. Mwaka 2024 mitambo ikaanza kuzalisha umeme, na miezi ile ile ya masika mafuriko makubwa yakaikumba Rufiji na Kibiti. Wengine wakalitaja bwawa, serikali ikasema ni mvua kubwa. Tope linaloijenga delta litashuka kiasi gani miaka ijayo? Kutakuwa na semina nyingine, na mtu mwingine atasimama na kusema kwa kujiamini. Satelaiti za rada za Ulaya zinaona maji hata chini ya mawingu, na ziko kwenye dirisha lile lile.

Tusijidanganye, dirisha si letu. Mwenyewe akibadilisha masharti kesho tutabaki nje. Ndiyo maana namba ninazozipata nazihifadhi kwangu pamoja na msimbo wake. Lakini kwa sasa liko wazi, na tunaotarajia kufundisha shule za pwani tuna kazi hapo. Natamani siku moja kidato cha tatu cha huko kwetu wakae na wazee, waandike mwaka gani mto ulihama na nani alilima wapi, kisha waende kuiuliza satelaiti maswali hayo hayo. Wazee peke yao wataambiwa ni hadithi, na satelaiti peke yake itasema delta ni jangwa.

Mjomba ameniambia nikirudi likizo nimpelekee picha iliyochapishwa, kubwa, aione. Amesema atanionyesha nilipokosea tena.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Mwenye swali aulize, mwenye printa ya rangi anitafute!